Uchovu wa Mfanyakazi si Uzembe

Ajali inapotokea kiwandani, lawama humwangukia mfanyakazi kwanza. Huitwa mzembe, akaonywa au akafutwa kazi, nayo mashine iliyomjeruhi ikaachwa palepale imngoje mwingine. Walio na mazoea hayo wangefaidika kuyajua maisha ya Mmarekani Lillian Gilbreth.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1878 mjini Oakland, California. Alisomea fasihi chuoni, na mwaka 1904 akaolewa na Frank Gilbreth, mjenzi aliyeanzia kwenye uashi. Frank alikuwa amegundua kwamba mwashi huinama kuokota kila tofali, hivyo mchana kutwa huinua uzito wa kiwiliwili chake kwa ajili ya kitu kidogo. Akabuni jukwaa la kuyaweka matofali karibu na mkono. Lillian akaongeza swali ambalo wahandisi wengi hawakuliuliza: je, akili ya mtu huyo nayo huchokaje?

Kitabu chake kuhusu saikolojia ya usimamizi kilitoka mwaka 1914. Mchapishaji aliandika herufi za kwanza tu za majina yake, ili mwandishi asijulikane kuwa mwanamke. Mwaka 1915 alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Brown, kwa utafiti kuhusu juhudi zinazopotea bure katika kazi ya ualimu. Mwaka uliofuata, yeye na mumewe walitoa kitabu kuhusu uchovu. Humo walitetea mapumziko, mwanga wa kutosha na viti vinavyolingana na miili ya wanaovikalia. Kwao, uchovu usio wa lazima ulikuwa kasoro ya mpango wa kazi, wala haukuwa kasoro ya tabia ya mtu.

Ni kweli kwamba vyama vya wafanyakazi viliwashuku wataalamu wa aina hii, vikihofia kuwa watu wangeharakishwa kama mashine. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwani mwajiri mchoyo aweza kuchukua kasi na kuyaacha mapumziko.

Mwaka 1924 Frank alifariki ghafla, akamwachia mjane wake watoto 11. Baadhi ya makampuni yalikataa kushauriwa na mwanamke. Hakukata tamaa, alifundisha nyumbani kwake, kisha akageukia jikoni, akichunguza kimo cha meza na hatua anazopiga mpishi. Mwaka 1935 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Purdue. Alifariki mwaka 1972.

Fikira hiyo haiko mbali nasi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri aifanye kazi na vifaa vimfae mfanyakazi, hata kwa kumkinga na mkazo wa akili. Lakini sheria isiyofundishwa ni taa iliyofunikwa pishi. Mwalimu anayemwandaa fundi au meneja wa kesho hana budi kumzoeza kuuliza, kabla ya kulaumu, kiti kilikuwaje, mwanga ulikuwaje, na mtu huyo alikuwa amesimama hapo kwa saa ngapi. Majibu hayo ndiyo yatakayomwokoa mfanyakazi wa pili.