Williamson wa Mwadui: mgodi ulifungwa, watu wakabaki

Jina la Dk. John Williamson si geni kwa wakazi wa Shinyanga. Ndiye mjiolojia aliyegundua almasi ya Mwadui, ambayo leo ipo wilayani Kishapu. Kisichosemwa sana ni kwamba kabla ya utajiri huo alikuwa msomi aliyefungiwa mgodi na mwajiri wake, na kilichomvusha ni watu aliowahi kufanya nao kazi.

Alizaliwa mwaka 1907 katika jimbo la Quebec, Kanada. Alipojiunga na Chuo Kikuu cha McGill alikusudia kusoma sheria, lakini safari ya utafiti huko Labrador ikamgeuza akasomea miamba. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1933, wakati uchumi wa dunia umeanguka na ajira ni adimu. Hakukata mguu kwa walimu wake. Alifuatana na profesa wake mmoja hadi Afrika Kusini, na akiwa huko akapata kazi katika kampuni ya kutafuta madini huko Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo.

Baadaye alikuja Tanganyika kufanya kazi katika mgodi mdogo wa almasi wa Mabuki, mahali ambapo wafugaji wa siku hizi wanapajua kwa shamba la mitamba. Kampuni ilipoamua kuufunga, mwingine angeondoka kwa hasira. Williamson alielewana na waajiri wake, akaununua na kuufanya kambi ya utafutaji wake.

Miaka ikapita, fedha zikapungua. Mjini Mwanza alikuwako wakili, Iqbal Chand Chopra, aliyemsaidia kwa fedha na kwa mambo ya sheria. Machi 1940 almasi ikapatikana Mwadui, na Chopra hakusahauliwa. Akawa mbia. Mwaka 1947 mgodi huo ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, ambayo Williamson alimzawadia Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia wa Uingereza. Alifariki Januari 1958 akiwa na miaka 50.

Tuseme kweli, ilikuwa enzi ya ukoloni, na msomi wa Kizungu alikuwa na milango ambayo kijana wa Kisukuma hakuwa nayo. Ndiyo maana kijana wetu wa leo asipoteze hata mlango mmoja alionao.

Migodi hufungwa. Buzwagi, wilayani Kahama, ilifungwa mwaka 2021. Anayeondoka kazini asiondoke mikono mitupu: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe cheti cha utumishi ajira inapokoma. Kidai, kitunze. Chukua namba za msimamizi wako na za fundi mliyeshirikiana naye. Kabla ya kumwandika mtu kuwa mdhamini katika maombi ya kazi, mwombe ruhusa na umweleze ni kazi gani, asije akapigiwa simu akashtuka.

Tena, usimkumbuke mtu siku ya shida tu. Mpigie umjulie hali hata pamba ikiwa imeuzwa vizuri na huna unachomwomba. Kwa mfanyabiashara ni hivyo hivyo: aliyekuuzia mbegu kwa mkopo ukamlipa kwa wakati, ndiye atakayekusemea kwa mwenye duka la jumla.