Chifu Adam Sapi na Hazina ya Wilaya

Litajwapo jina la Chifu Adam Sapi Mkwawa, aliyefariki dunia mwezi wa Juni 1999, wasomaji wetu wengi hukumbuka mambo mawili: fuvu la babu yake, na kiti cha Spika. Leo twapenda kukumbusha jambo la tatu, lisilosemwa sana, nalo lamhusu kila mlipa kodi. Mtu huyu mmoja aliona kwa macho yake karibu kila namna ya serikali za mitaa ambayo nchi yetu imeijaribu, na mara nyingi aliiona akiwa ndani yake.

Alizaliwa Uhehe mwaka 1920, mjukuu wa yule Mkwawa aliyewapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891, na ambaye mwaka 1898 alichagua kujiua kuliko kukamatwa. Wajerumani waliuvunja utawala wa Wahehe. Waingereza waliurudisha mwaka 1926, Gavana Donald Cameron alipoweka sheria ya kuwaachia machifu watawale watu wao chini ya macho ya serikali. Sapi, babaye Adam, akawekwa kuwa chifu. Mwaka 1940 Waingereza hao hao wakamwondoa, na Adam, kijana wa miaka ishirini, akaketi mahali pake.

Yatupasa kueleza kidogo kazi ya chifu wakati ule, maana vijana hudhani ilikuwa ngoma na mavazi tu. Chifu alikuwa na baraza, na mahakama, na zaidi ya yote alikuwa na hazina. Sehemu ya kodi iliyokusanywa wilayani ilibaki katika hazina hiyo, nayo ndiyo iliyowalipa makarani na matarishi, ikasaidia zahanati, shule na njia za vijijini. Chini ya chifu walikuwako wazagila, watawala wa sehemu sehemu. Mkubwa wa Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini alikaa Mbeya. Na upande huo wa Mbeya, hasa kwa Wanyakyusa wa Rungwe, mambo yalikuwa mbali na ya Iringa. Huko walikuwako machifu wengi wadogo wadogo, wala hapakuwa na mmoja wa kuwaamuru wote. Sheria moja ilivikwa miili miwili isiyolingana, na kwa Wanyakyusa haikukaa vizuri kamwe.

Hatukatai kwamba utawala ule ulikuwa karibu na watu. Mwenye shauri alimjua wa kumwendea. Lakini mkulima wa Kalenga hakumpigia chifu wake kura, na mwenye kumweka au kumwondoa alikuwa Mwingereza, kama mzee Sapi alivyojionea. Sheria ya mwaka 1953 ilifungua mlango wa mabaraza ya wilaya, na mlango huo ulifunguka polepole sana.

Tarehe 19 Juni 1954 Gavana Sir Edward Twining alimkabidhi Adam Sapi, pale Kalenga, fuvu ambalo Mapatano ya Versailles ya mwaka 1919 yaliwadai Wajerumani walirudishe. Miaka thelathini na mitano! Hata hivyo lilifika. Wakati huo chifu alikwisha kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, mmoja wa Waafrika wachache wa kwanza kukaa humo, na mwezi wa Novemba 1962 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Spika. Mwaka uliofuata Bunge alilokuwa akiliongoza likapitisha sheria ya kuufuta uchifu. Halmashauri za wilaya zikarithi kazi za machifu. Hazina zikapata mabwana wapya, safari hii wenye kuchaguliwa.

Kwa maoni yetu hapo ndipo palipokuwa na nafasi nzuri kuliko zote, nayo haikudumu. Mwaka 1969 serikali kuu iliziondolea halmashauri kodi zao kubwa, na mfuko mtupu haujengi daraja. Siku ya Noeli mwaka 1971, Isimani, katika wilaya ya Spika huyu, Mkuu wa Mkoa Dakta Wilbert Klerruu aliuawa na mkulima mmoja, wakati wa kusukuma mbele vijiji vya ujamaa. Lilikuwa jambo la kuhuzunisha sana, nalo lilionyesha jinsi amri za kutoka juu zilivyoweza kugongana na watu shambani. Miezi sita baadaye mpango wa Madaraka Mikoani ukaanza. Jina lilikuwa zuri. Kwa kweli halmashauri za wilaya zilivunjwa, na nafasi ya madiwani ikashikwa na wakurugenzi wa maendeleo waliotumwa na serikali kuu.

Adam Sapi alikiacha kiti mwaka 1973, akakirudia mwaka 1975. Basi alikuwa yeye tena Spika mwaka 1982, Bunge lilipopitisha sheria za kuzirudisha halmashauri, zilizofufuka mwaka 1984. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Twamheshimu kwa kukiri huko. Viongozi wengi hunyamaza.

Spika mzee alistaafu mwaka 1994. Alipofariki, serikali ilikuwa imekwisha kutoa, mwezi wa Oktoba 1998, sera mpya ya kugatua madaraka: madiwani waamue, wataalamu wawe watumishi wa halmashauri, na fedha ziwafuate. Lakini mwaka 2003 kodi ya maendeleo ikafutwa. Walipa kodi walishangilia, nasi hatuwalaumu, maana ilikusanywa kwa ukali; lakini halmashauri zikazidi kutazama ruzuku ya serikali kuu, kama mtoto anayesubiri baba arudi kutoka mjini.

Fuvu liko Kalenga katika makumbusho, na wageni hulitazama. Tungependa siku moja kuona kando yake daftari moja la hazina ya Uhehe: fedha zilizoingia, zilizotoka, na njia iliyojengwa.