Mary Lou Williams: Mpiga piano aliyerudishwa kazini na mapadre

Tunapotaja jazz, wengi wetu hukumbuka bendi zetu za dansi. Leo tunamwangalia mama mmoja wa jazz ya Wamarekani Weusi, ambaye nusura azike kipaji chake kwa kudhani anampendeza Mungu.

Mary Lou Williams alizaliwa Atlanta, Marekani, tarehe 8 Mei 1910, akakulia Pittsburgh. Tangu utotoni alipiga piano kwa kusikiliza tu. Baadaye akawa mpiga piano na mtunzi wa bendi ya Andy Kirk huko Kansas City, akawaandikia muziki pia Benny Goodman na Duke Ellington. Miaka ya 1940 nyumba yake ya Harlem, New York, ikawa kama darasa: vijana kama Thelonious Monk na Bud Powell walimletea tungo zao, naye akawashauri.

Mwaka 1952 alikwenda kufanya kazi Uingereza, kisha Ufaransa. Makofi alipata, amani hakupata. Mwaka 1954, akiwa Paris, aliacha jukwaa. Aliporudi Harlem alishinda kanisani akisali, na nyumbani kwake akawapokea na kuwalisha wanamuziki walionaswa na dawa za kulevya. Mei 1957 alipokelewa katika Kanisa Katoliki, pamoja na Lorraine, mke wa mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie.

Hapa ndipo penye fundisho kwetu. Mary Lou aliona kwamba kumfuata Kristo ni kuachana na muziki. Padre Anthony Woods, Mjesuiti, na Padre John Crowley walimshauri kinyume: arudi kwenye piano, na kupiga kwake kuwe sala kwa ajili ya wengine. Mwaka huohuo alipiga tena hadharani, katika tamasha la Newport.

Matunda yalifuata. Mwaka 1962, Martin wa Porres alipotangazwa mtakatifu, alimtungia wimbo. Alitunga pia Misa kadhaa kwa mtindo wa jazz, na mojawapo iliimbwa mwaka 1975 katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, New York. Alifundisha wasichana katika shule ya Kikatoliki Pittsburgh, na kuanzia mwaka 1977 alifundisha Chuo Kikuu cha Duke. Aliwaeleza wanafunzi wake kwamba jazz ilizaliwa katika mateso ya watumwa na nyimbo zao za kiroho. Alifariki tarehe 28 Mei 1981, akiwa bado mwalimu wa chuo hicho.

Sisi tunaojiandaa kuwa wachungaji tutafikiwa na watu wa namna hii: mcheza ngoma, mwigizaji, mpiga gitaa wa baa aliyeguswa na neema. Ni rahisi kumwambia aache yote. Lakini talanta iliyofukiwa ardhini haimzalii Bwana wake kitu. Kwanza tumsikilize, tutenganishe dhambi na kipaji, kisha tumsaidie kukitoa altareni.