Al-Khwarizmi na kona ya mraba

Wenzangu, wiki ya testi ikifika, kuta za hosteli zinajaa karatasi zenye kitu kilekile: x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a. Tunaikariri wee, tukitoka kwenye chumba cha mtihani imeshayeyuka. Mimi nasema dawa yake ni kumjua Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi.

Alizaliwa yapata mwaka 780. Jina lake linatokana na Khwarizm, kusini mwa Bahari ya Aral. Alifanya kazi Baghdad, kwenye Nyumba ya Hekima, enzi za Khalifa al-Ma'mun aliyetawala 813 hadi 833. Hapo ndipo alipoandika kitabu chake cha al-jabr. Na msidhani aliwaandikia wataalamu wenzake tu. Aliwalenga wanaogawana mirathi, wafanyabiashara, wapima ardhi na wachimba mifereji. Sehemu kubwa ya kitabu ni hesabu za wasia na mirathi.

Kitabu hakina x. Kila kitu ni maneno. Mfano wake maarufu, kwa alama zetu, ni x² + 10x = 39. Nusu ya 10 ni 5. Zidisha 5 kwa 5, unapata 25. Jumlisha na 39, zinakuwa 64. Kipeuo chake cha pili ni 8. Toa 5, jibu 3.

Halafu, na hapa ndipo ninapomvulia kofia, akachora. Chukua mraba wa x. Ubandike mistatili miwili, kila mmoja 5 kwa x. Kona moja inabaki wazi, na eneo lake ni 25. Ukiiziba, unapata mraba mkubwa wenye upande x + 5. Fomula yetu ni kuziba kona hiyo, basi.

Jibu la pili, −13, yeye hakulitoa, kwa sababu hakukubali namba hasi. Ndiyo maana aligawa milinganyo katika mafungu sita, ambayo sisi tunayamaliza kwa fomula moja.

Kona inasaidia hata kipeuo kisipotoka namba nzima. Tuseme x² + 4x = 8. Nusu ni 2, kona ni 4, jumla 12. Usiiache √12 hivyohivyo: 12 ni 4 × 3, na kipeuo cha 4 ni 2, kwa hiyo ni 2√3. Majibu ni −2 + 2√3 na −2 − 2√3.

Alifariki yapata 850. Mwaka 1145 Robert of Chester alikitafsiri kitabu kwa Kilatini. Al-jabr ikawa aljebra, na jina la mwandishi likazaa neno algorithimu, ambalo wenzetu wa kompyuta wanalitaja kila siku.

Huyu mzee wa karne ya 9 aliona hata mgawa mirathi anastahili kuonyeshwa sababu. Sisi wa chuo kikuu tunaridhikaje na desa? Testi ijayo, kabla hujaandika hiyo b, chora kwanza kona.