Hyegyeong: Mke wa Mrithi Aliyefundishwa Kutoona

Mwaka 1743 amri ilitoka katika kasri la mfalme wa Korea, mjini Seoul: kila familia ya maofisa wasomi yenye binti wa umri unaofaa ipeleke jina lake. Mfalme Yeongjo alikuwa akimtafutia mwanawe mke. Mwana mwenyewe, mrithi wa kiti cha enzi, alikuwa na miaka minane tu. Historia inamjua kwa jina la Sado.

Nyumbani kwa Hong Bong-han amri hiyo ilileta wasiwasi kuliko furaha. Ukoo wa Hong ulikuwa wa heshima, lakini Bong-han alikuwa hajafaulu mtihani mkubwa wa serikali, na bila mtihani huo mtu hakupata cheo cha maana wala kipato cha kutosha. Wapo waliomshauri asipeleke jina la bintiye, kwani nani angejua? Alikataa, kwake yeye, kumficha mfalme lilikuwa jambo lisilowezekana. Mama akaingia kazini. Kulikuwa na kitambaa kilichowekwa akiba kwa ajili ya harusi ya binti mkubwa, ambaye alikwisha kufariki. Mama akakitoa, akakishona sketi, bitana akaitengeneza kwa nguo kuukuu, na vilivyopungua akakopa. Hivyo ndivyo mtoto alivyoingia kasrini mara ya kwanza: amevaa kitambaa cha marehemu dada yake.

Wasichana walipitishwa mbele ya wakubwa wa kasri mara tatu, na kila mara idadi yao ilipunguzwa. Baada ya mara ya kwanza tu ilikuwa wazi kwamba binti wa Hong amependwa. Jamaa waliokuwa hawakanyagi mlangoni pale wakaanza kumiminika, wakiwa na maneno matamu. Ndugu wa namna hii hawakosekani katika nchi yoyote. Mtoto yeye alilia usiku, akalala katikati ya baba na mama, akijua kwamba siku zake za kulala pale zinahesabika.

Alipochaguliwa kabisa hakurudishwa nyumbani. Alipelekwa kwanza katika jumba la pembeni, akakaa huko siku zipatazo 50 akifundishwa adabu za kasri, na baba yake akimsomesha kitabu cha maadili kilichotoka kwa mfalme. Mapema mwaka 1744 akaozwa. Wakorea wa siku hizo walimhesabu mtoto kuwa na mwaka mmoja siku anayozaliwa, wakaongeza mwaka kila mwaka mpya ulipoingia, kwa hiyo waliandika kwamba bibi harusi ana miaka 10. Kwa hesabu yetu alikuwa na minane na nusu. Hyegyeong, jina tunalomwita leo, ni cheo alichopewa miaka mingi baadaye.

Mfalme alimpokea kwa upole na akampa mafunzo yeye mwenyewe. Moja lilikuwa hili: humu ndani utaona mambo mengi, ukiyaona, usioneshe kwamba umeyaona. Baba yake naye alimpa agizo lake. Maandishi ya watu wa nje yasizagae kasrini, kwa maana barua moja ikiangukia mikono mibaya inaweza kuangamiza ukoo mzima. Basi kila barua iliyotoka nyumbani, binti aliandika jibu lake kwenye nafasi iliyobaki wazi katika karatasi ileile, akairudisha. Kwa miongo mingi aliandika karibu kila siku, na mikononi mwake hakubakiwa na kitu. Mtoto akakua na masomo mawili, kutoona na kutoacha maandishi, na alikuwa mwanafunzi mwema wa yote mawili. Aliamka kabla ya mapambazuko katika siku zilizopangwa kwenda kuwaamkia wanawake wakubwa watatu wa kasri: malkia mjane, malkia, na Bibi Seonhui, mama mzazi wa mumewe, ambaye alikuwa suria wa mfalme.

Mume aliyempata alikuwa mtoto mwerevu aliyelelewa vibaya. Alikuwa na siku kama 100 tangu kuzaliwa alipohamishiwa jumba la mbali na wazazi, chini ya wajakazi ambao zamani walimhudumia mfalme aliyetangulia, kaka wa Yeongjo kwa baba. Nao hawakumpenda Yeongjo. Ilinong'onwa kuwa kifo cha kaka huyo hakikuwa cha kawaida. Baba aliyekuwa akija mara chache alipokuja alimkuta mtoto mcheza silaha na si msomi, akamkemea hadharani. Kadiri alivyomkemea, ndivyo mtoto alivyozidi kushikwa na kigugumizi cha woga mbele yake. Kuanzia mwaka 1749 mfalme alimkabidhi baadhi ya kazi za utawala. Hapo likawa balaa: akiamua jambo peke yake alikaripiwa kwa kutouliza, na akiuliza alikaripiwa kwa kutoamua. Ukame ukija, lawama ni zake. Yeongjo alikuwa na desturi ya kuosha masikio baada ya kusikia maneno aliyoyaona ya nuksi, na ilifika mahali akawa anayaosha baada ya kusikia sauti ya mwanawe.

Hyegyeong aliyaona haya yote, akafanya kama hakuyaona. Mwaka 1750 alizaa mtoto wa kiume. Mwaka 1752 mtoto huyo akafariki, na mwaka huohuo akazaa mwingine, ambaye baadaye alikuja kuwa Mfalme Jeongjo. Mabinti wawili wakafuata. Kabla hajatimiza miaka 22 alikuwa amekwisha kuzaa watoto wanne na kuzika mmoja.

Ugonjwa wa Sado ulikua polepole. Aliogopa radi. Kisha akaogopa nguo. Ili avae vazi moja ilibidi atandaziwe mavazi 10, 20, hata 30, mengine yachomwe moto kama sadaka kwa mizuka, na mtumishi aliyekosea katika kumvisha alikuwa hatarini. Mke ndiye aliyetafuta vitambaa hivyo kimyakimya, akisaidiwa na baba yake. Mwaka 1757 walifariki, kwa kupishana wiki chache, malkia na malkia mjane, wanawake wawili waliomkinga kijana huyo na hasira ya baba. Baada ya hapo akaanza kuua. Wa kwanza alikuwa towashi, ambaye kichwa chake alikileta mkononi na kuwaonesha wanawake wa nyumba. Wengine wakafuata, na mwaka 1761 akampiga suria aliyempenda hadi akafa, kwa sababu ya nguo. Mkewe naye alirushiwa ubao wa mchezo wa bao la Kikorea, ukampiga karibu na jicho la kushoto; uso ulivimba hata akashindwa kujitokeza mbele ya mfalme.

Je, kwa nini hakusema? Swali hili msomaji wa leo hawezi kuliepuka. Mrithi wa kiti akipatikana na hatia mbele ya sheria, mkewe na mwanawe huangamia pamoja naye. Kumshitaki mume kulikuwa ni kumshitaki mtoto. Lakini kila siku ya kunyamaza, mtumishi mwingine aliweza kufa. Mimi siwezi kumhukumu, wala sioni kwamba inafaa kumsafisha.

Aliyesema hatimaye ni Bibi Seonhui, mama mzazi. Katika kiangazi cha mwaka 1762 uvumi ulienea kwamba Sado anataka kwenda kumwua baba yake. Mama akamwendea mfalme akamwomba achukue hatua dhidi ya mwanawe mwenyewe, na amhurumie mjukuu na mama yake. Tarehe 4 Julai mfalme alimwamuru Sado ajiue. Alipozuiwa na walimu wake asifanye hivyo, likaletwa kasha kubwa la mbao la kuhifadhia mchele, akaamriwa aingie. Kwa njia hiyo hakuna hukumu iliyotolewa, hakuna kosa lililoandikwa, na sheria haikuwa na nguvu juu ya mke na mtoto. Mtoto, aliyekuwa hajatimiza miaka 10, alijitupa chini mbele ya babu akimwombea baba yake, akaondolewa. Hyegyeong alikuwa nyuma ya lango akisikia sauti ya mumewe ikiomba. Alitaka kujiua kwa kisu, akanyang'anywa. Siku hiyohiyo aliondolewa kasrini na kurudishwa kwa baba yake. Sado alikaa ndani ya kasha siku nane, katika joto la Julai, hadi akafa. Alikuwa na miaka 27.

Mila za Confucius zilimsifu mjane anayemfuata mumewe kaburini. Hyegyeong alichagua kuishi, na kwa muda wote uliobaki aliona aibu ya kuishi. Miezi michache baadaye, alipokutana na mfalme, hakumlaumu. Alimshukuru kwa kuwa mama na mwana wako hai, kisha akamwomba amchukue kijana akamlee karibu naye. Hapa nadhani ndipo ulipo ukubwa wake: alijua kilichotokea kwa mtoto aliyelelewa mbali na mfalme, akaamua kwamba cha pili kisitokee, hata kama yeye atabaki peke yake. Mfalme alilia. Kijana aliondoka, na kila alfajiri alimwandikia mama barua. Hakutulia mpaka apate jibu lake kabla ya masomo. Mwaka 1764 pigo jingine likaja: mfalme alimfanya mjukuu huyo kuwa mwana wa marehemu kaka yake Sado, ili asihesabiwe mtoto wa mtu aliyekufa katika fedheha. Kisheria, Hyegyeong hakuwa tena mama wa mwanawe.

Jeongjo alitawala kuanzia mwaka 1776. Muda mfupi kabla ya kupokea kiti alimwomba babu yake kumbukumbu za ofisi ya mfalme kuhusu tukio la 1762 zifutwe, na karatasi zile zikaoshwa kwa maji. Alimheshimu mama yake sana, ingawa mwaka huohuo aliamuru kifo cha baba mdogo wa mama huyo, kwa makosa ya siasa. Mwaka 1795, Hyegyeong alipotimiza miaka 60, mwana alimpeleka Hwaseong, karibu na kaburi la Sado, kwa msafara wa siku nane uliovuka mto Han juu ya daraja la mashua zilizofungwa pamoja. Mume na mke walizaliwa mwaka mmoja. Ilikuwa pia miaka 60 ya marehemu.

Mwaka huohuo mpwa wake alimlilia hali kwamba familia haina hata karatasi moja ya mkono wa shangazi. Ndipo yule aliyefundishwa kutoacha maandishi alipoanza kuandika.

Aliandika mara nne, mwaka 1795, 1801, 1802 na 1805, akitumia herufi za Kikorea zilizobuniwa na Mfalme Sejong karne ya 15, ambazo wasomi walizidharau kama herufi za wanawake. Maandishi ya katikati yanatugusa sisi Wakatoliki. Jeongjo alifariki mwaka 1800, na madaraka yakashikwa na Malkia Jeongsun, mjane wa Yeongjo, aliyekuwa mdogo kwa Hyegyeong kwa miaka 10 lakini kwa cheo ni mama mkwe wake. Mwaka 1801 alianzisha mateso makubwa dhidi ya Wakristo. Waliuawa Padre Zhou Wenmo, padre wa kwanza kufanya utume Korea, Columba Kang Wan-suk aliyemficha, na Augustino Jeong Yak-jong, mlei aliyeandika katekisimu kwa herufi zilezile za wanawake. Hao watatu Papa Fransisko aliwatangaza wenyeheri huko Seoul tarehe 16 Agosti 2014. Katika ukoo wa kifalme, mwana wa Sado kwa suria, aitwaye Euneon, aliuawa. Mkewe na mke wa mwanawe, wote wawili wamebatizwa kwa jina la Maria, walinyweshwa sumu. Na Hong Nak-im, ndugu yake Hyegyeong, aliuawa kwa tuhuma za kuhusiana na Wakristo.

Hyegyeong hakuwa Mkristo. Alishika kalamu kumtetea ndugu yake, akakana kabisa kwamba aliwahi kuifuata dini hiyo. Kwake tuhuma ile ilikuwa kisingizio cha maadui wa ukoo wa Hong, na katika hilo huenda alikuwa sahihi. Kuhusu wale akina Maria wawili, tusimtafutie huruma ambayo hakuionesha.

Maandishi ya mwisho, ya mwaka 1805, alimwandikia mjukuu wake Mfalme Sunjo, akiwa na miaka takribani 70. Kufikia hapo watu walikuwa wamegawanyika: wengine walisema Sado hakuwa na kosa na mfalme alimwonea, wengine walisema alikuwa mhaini aliyestahili kufa. Bibi kizee alizikataa kauli zote mbili. Mumewe aliua watu, naye alieleza jinsi. Lakini alikuwa mgonjwa, na mgonjwa hajui alitendalo. Mfalme alilazimika, lakini ugonjwa ule ulilishwa na ukali wake tangu utotoni. Yote aliyoyaona, kuanzia sketi ya kitambaa cha dada yake hadi sauti nyuma ya lango, aliyaandika.

Alifariki Januari 1816, akazikwa pamoja na Sado.