John Shaw Billings, daktari wa jeshi aliyeanzisha orodha ya makala za tiba

Mtafiti wa Kinshasa, Bukavu au Lubumbashi anayefungua PubMed kwenye simu yake anakuta, bila kulipa chochote, orodha ya makala za tiba zaidi ya milioni 35. Wengi wanaandika neno moja, wanasoma ukurasa wa kwanza na kufunga. Orodha hiyo ina mizizi katika kazi ya John Shaw Billings, daktari wa jeshi la Marekani aliyekufa miaka zaidi ya 100 iliyopita.

Billings alizaliwa tarehe 12 Aprili 1838 katika jimbo la Indiana, mtoto wa mkulima. Alipotaka kusoma, alipatana na baba yake: baba alipie chuo, na urithi wote uende kwa dada yake. Alimaliza Chuo Kikuu cha Miami, jimboni Ohio, mwaka 1857, kisha akaingia shule ya tiba mjini Cincinnati. Maisha yalikuwa magumu; inasimuliwa kwamba kuna kipindi aliishi karibu kwa maziwa na mayai tu.

Mwaka 1860 alipaswa kuandika kazi ya kumaliza masomo. Mada yake ilikuwa upasuaji wa wagonjwa wa kifafa. Swali lilikuwa jepesi: wangapi walipasuliwa, wangapi walipona, wangapi walikufa? Ilimchukua miezi kama 6 na vitabu vinavyokaribia 1,000 kupata jibu, tena jibu nusu. Faharasa za vitabu hazikumsaidia, vichwa vya makala havikueleza kilichomo ndani, na marejeo mengi yalikuwa na makosa. Ilibidi afunue ukurasa baada ya ukurasa. Tena hakuna maktaba hata moja ya Marekani iliyokuwa na vitabu vyote alivyohitaji. Majibu yalikuwepo, yamechapishwa, lakini daktari mwenye mgonjwa mbele yake hakuwa na namna ya kuyafikia.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Billings alipasua majeruhi Chancellorsville na Gettysburg mwaka 1863, na mwishoni mwa 1864 akahamishiwa Washington, katika ofisi ya Daktari Mkuu wa jeshi. Huko alikabidhiwa maktaba ndogo ya vitabu vipatavyo 2,300. Vita vilipokwisha, zilibaki dola 80,000 za mfuko wa hospitali za jeshi, nazo zikaelekezwa kwenye maktaba. Kwa miaka mingi ilikaa katika jengo la Ford's Theatre, palepale Rais Lincoln alipopigwa risasi.

Billings aliandika barua kwa madaktari na wahariri wa majarida, akaomba, akabadilishana nakala za ziada. Alipostaafu jeshini mwaka 1895, maktaba ilikuwa na vitabu zaidi ya 100,000. Lakini kwake vitabu vingi bila orodha nzuri vilikuwa tatizo lilelile la Cincinnati. Jioni alibeba majarida nyumbani, akatia alama ya penseli kwenye kila makala iliyostahili, na makarani wakainakili kwenye kadi. Mwaka 1876 alichapisha sampuli ili madaktari waione na kulibana Bunge litoe pesa. Buku la kwanza la Index-Catalogue lilitoka 1880, waandishi na mada wakiwa katika mfuatano mmoja wa alfabeti. Mwaka 1879, pamoja na Robert Fletcher, alikuwa ameshaanzisha Index Medicus, iliyotangaza makala mpya kila mwezi.

Alifanya mengine pia. Ndiye aliyesanifu hospitali ya Johns Hopkins, na ndiye aliyempa Herman Hollerith wazo la kuhesabu watu kwa kadi zenye matundu, mashine iliyotumika katika sensa ya Marekani ya 1890. Kuanzia 1896 aliongoza maktaba ya umma ya New York.

Index Medicus haikuwa biashara nzuri. Ilisimama 1899 kwa kukosa wanunuzi wa kutosha. Paris ilijaribu kuziba pengo kwa Bibliographia Medica, ikadumu miaka 3 tu. Mwaka 1903 ilifufuliwa kwa pesa za taasisi ya Carnegie ya Washington, ambayo Billings alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Alifariki New York tarehe 11 Machi 1913, akazikwa Arlington.

Maktaba yake ndiyo leo Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Mwaka 1960 ilitoa orodha ya vichwa vya mada iitwayo MeSH, 1964 ikaanza kutumia kompyuta, na PubMed ikafunguliwa bure kwa wote 1997. Wanaofundisha watafiti kutafuta bado wanaanzia pale Billings alipoanzia: neno la mwandishi si lazima liwe neno lako. Ripoti ya tume ya kimataifa kuhusu Ebola ya Yambuku ya 1976, iliyotoka katika jarida la OMS mwaka 1978, inasema Zaire, jina la nchi yetu kati ya 1971 na 1997. Anayetafuta neno Congo katika vichwa vya makala peke yake haioni. MeSH inakusanya makala za nchi chini ya jina moja, hata mwandishi akiandika lingine. Ila makala ambazo hazijapewa kichwa cha mada zinapatikana kwa maneno ya kawaida tu, ndiyo maana wazoefu wanatumia vyote viwili: majina yote ya kitu kimoja yanaunganishwa kwa OR, na mawazo mawili tofauti kwa AND, kwa herufi kubwa.

Index Medicus ya karatasi ilichapishwa mara ya mwisho mwaka 2004.