Zernike: Mtu wa fizikia aliyetuonyesha seli zikiwa hai

Seli zinazofunika utumbo na mirija ya figo zina upande wa juu na upande wa chini, na kila upande una kazi yake. Shida ni kwamba seli hai haina rangi. Ukiiweka kwenye hadubini, mwanga unapita tu kama kwenye kioo safi.

Kwa miaka mingi njia ilikuwa kuipaka rangi. Rangi nyingi ziliiua, kwa hiyo watafiti wakawa wanachunguza maiti.

Aliyebadilisha hali hiyo hakuwa daktari wala mtu wa baiolojia. Frits Zernike alizaliwa Amsterdam, Uholanzi, Julai 16, 1888, baba na mama wote walimu wa hisabati. Utotoni pesa zake za mfukoni ziliishia kwenye vyungu na mirija ya majaribio. Alipopenda picha za rangi na hela ikawa haitoshi, etha aliitengeneza mwenyewe!

Mwaka 1920 akawa profesa Groningen. Miaka 10 baadaye, akichunguza vioo vyenye mistari myembamba vinavyochambua mwanga, akapata wazo. Mwanga ukipita ndani ya seli huchelewa kidogo sana, ila jicho haliwezi kuona kuchelewa huko. Akaweka kwenye hadubini kioo cha kurekebisha mawimbi, na kuchelewa kukageuka kuwa weusi na weupe. Seli ikaonekana bila kuuawa.

Mwaka 1932 akaipeleka kwa Zeiss, Jena, Ujerumani, wakubwa wa hadubini wakati huo. Wakamdharau. Eti ingekuwa na faida, wangeshaibuni wao zamani.

Kilichoiokoa ni vita, tena vya watu walioikalia nchi yake. Mwaka 1941 jeshi la Ujerumani lilipokusanya kila uvumbuzi unaoweza kulifaa, ndipo hadubini za kwanza za aina hiyo zikatengenezwa.

Nobel ya Fizikia ilimfikia mwaka 1953, akiwa na miaka 65. Alifariki Machi 10, 1966.

Leo seli za figo na utumbo hupigwa picha za 3D zikiwa hai, juu hadi chini, kwa hadubini za leza. Lakini kabla hazijafika kwenye mashine hizo za bei mbaya, mtu wa maabara kwa kawaida huzikagua kwanza kwenye hadubini ndogo ya mezani, kuona kama ziko salama. Humo ndani kuna kioo cha Zernike.